Paka Wangu Sapu na Mtoto wa Siku Tatu

Siku niliyotoka hospitali na mtoto wa siku tatu nilikuta kikao kimeshakaa, kinanisubiri. Alikuwepo mama yangu mzazi, aliyekuja Morogoro kutoka Pangani kunihudumia uzazi, mama mwenye nyumba, wifi yangu, na jirani mmoja ambaye mpaka leo sijui alialikwa na nani. Ajenda ilikuwa moja tu: paka.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyefungua. "Mwanangu, paka na kichanga hawakai chumba kimoja. Paka ananyonya pumzi ya mtoto." Wifi akaongeza kuwa manyoya yanaganda kwenye kifua. Yule jirani akasema yeye anamjua kabisa mwanamke ambaye paka alimlalia mtoto usoni. Gunia lilikuwa limeshatafutwa, na bodaboda alishaelekezwa: asubuhi ampeleke paka Soko Kuu la Chifu Kingalu, amwache huko ajitafutie vichwa vya samaki. Mama yangu alikuwa kimya. Anamenya ndizi.

Paka mwenyewe anaitwa Sapu. Alinijia mwaka wa pili, wiki niliyokuwa nasomea mitihani miwili ya sapu, akiwa mdogo kama kiganja, amelowa mvua, anaita mlangoni. Nikampa dagaa, akabaki. Nilifaulu sapu zote mbili, yeye akabaki na jina. Mwaka uliofuata nilipopata ujauzito nikaahirisha masomo, wenzangu wakaendelea na ratiba zao, mwenzangu yuko kazini Dodoma, na chumba changu cha Mafiga kikawa kimya kuliko nilivyowahi kukizoea. Katika miezi ile kiumbe pekee aliyekuwa ananisubiri nikirudi kutoka kliniki ni Sapu. Sasa leo nimtie kwenye gunia?

Naandika haya kwa sababu tangu nirudi darasani wasichana watatu wameshanifuata, kila mmoja kwa wakati wake na kwa sauti ya chini, kuniuliza swali lile lile. Wana paka kwenye vyumba vya kupanga, na wana mimba au wanalea. Nimechoka kueleza kwenye foleni ya chakula, nikaona bora niandike mara moja. Mimi si daktari, nasoma uchumi kilimo. Lakini chumba cha pili kutoka kwangu anakaa dada anayesoma udaktari wa mifugo mwaka wa nne, na nimemsumbua kiasi kwamba nusu ya ninayoyajua ni yake.

Nianze na mimba, maana hofu huanzia huko, na kwa kweli huko ndiko kwenye jambo zito.

Kuna ugonjwa unaitwa toksoplasmosi. Unaletwa na kimelea kidogo kisichoonekana kwa macho, Toxoplasma gondii. Kilielezwa mwaka 1908 na Charles Nicolle na Louis Manceaux, waliokuwa wakifanya kazi Taasisi ya Pasteur mjini Tunis. Hawakukipata kwa paka, walikipata kwa mnyama mdogo wa jangwani anayefanana na panya, anaitwa gundi. Ilipita miaka kama sitini, mpaka kuelekea mwaka 1970, ndipo ikajulikana kwamba kimelea hiki hukamilisha uzazi wake ndani ya utumbo wa jamii ya paka, na mayai yake hutoka na kinyesi. Hapo ndipo paka alipoanza kuogopwa na wajawazito duniani kote.

Sasa tulia tupige hesabu. Kwa kawaida paka hutoa mayai hayo anapoambukizwa kwa mara ya kwanza, mara nyingi akiwa bado mdogo anaanza kukamata panya, na hutoa kwa muda wa wiki moja mpaka tatu hivi. Baada ya hapo huwa kama amemaliza. Jambo la pili ni kwamba kinyesi kikiwa kibichi hakiambukizi bado. Mayai yanahitaji kati ya siku moja na tano nje ndipo yakomae. Kwa hiyo mchanga wa paka unaozolewa kila siku hauna hatari kama ule unaozolewa Jumamosi kwa Jumamosi. Kumshika paka, kumpapasa mgongoni, kulala naye chumba kimoja, sivyo watu wanavyoupata ugonjwa huu. Wanaupata kwa kumeza: mikono iliyoshika udongo wa bustani, mishkaki ambayo ndani bado ni myekundu, kachumbari ambayo nyanya zake zimefutwa kwenye kanga tu. Niliposikia hilo la kachumbari nilinyamaza kidogo, kwa sababu paka nilimwogopa miezi mitatu huku kachumbari ya kibandani naila kila siku.

Hatari yenyewe ipo kwa mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito. Kimelea kinaweza kupita kwenye kondo la nyuma kikamfikia mtoto na kumdhuru ubongo au macho, na maambukizi yanayompata mtoto mapema kwenye mimba ndiyo huleta madhara makubwa zaidi. Mama aliyeambukizwa miaka ya nyuma kwa kawaida mwili wake unakuwa umeshajenga kinga. Kliniki mimi nilipimwa wingi wa damu, VVU, kaswende, malaria na mkojo. Toksoplasmosi sikupimwa, wala sikujua kuuliza. Kama unafuga paka na una mimba, mwambie muuguzi waziwazi, na kazi ya kuzoa mchanga mpe mtu mwingine. Huna mtu? Vaa glavu, zoa kila siku, nawa kwa sabuni. Mimi kuanzia mwezi wa nne nilimpa kazi hiyo kijana wa mama mwenye nyumba, nikawa namlipa kwa kumfundisha hisabati, na nadhani yeye ndiye aliyepata hasara.

Mtoto akishazaliwa, hadithi ya toksoplasmosi inapungua sana, kwa sababu kichanga hatambai, hali udongo wala mishkaki. Hapo ndipo inaingia hadithi ya pumzi.

Hii ya paka kunyonya pumzi ipo mbali na kwetu, hata Uingereza wazee wao waliisema. Paka hanyonyi pumzi ya mtu. Lakini mama mwenye nyumba hakuwa anaropoka tu, na nilipokuja kuelewa kwa nini, nilimwomba radhi kwa jinsi nilivyomjibu siku ile. Joto la mwili wa paka ni nyuzi 38 hadi 39, na anapenda mahali penye joto kuliko panapotupendeza sisi. Ninyi mnaokaa huku mnajua usiku wa mwezi wa sita na wa saba unavyokuwa, upepo ukishuka kutoka Uluguru. Sasa kwenye chumba cha baridi, kiumbe mwenye joto, asiyesogea, anayenukia maziwa, amelala kwenye blanketi laini. Paka ataenda wapi? Atajikunja pale pale. Na kichanga kwa kawaida hupumulia pua, hana nguvu ya kugeuza kichwa vizuri wala ya kusukuma kilo tatu za manyoya. Matukio ya paka kumziba mtoto ni machache mno, ila njia ya kuyafikia ipo wazi, na haina uchawi ndani yake. Ni mnyama anatafuta joto. Kwa hiyo sharti la kwanza, na hili sina mjadala nalo: mtoto akilala, paka asiweze kumfikia. Akilala usiku, akilala mchana, ukienda bafuni dakika mbili.

Utasema, chumba ni kimoja, nitamweka wapi? Ndiyo, makala nyingi za kulea zinasema "funga mlango wa chumba cha mtoto", kana kwamba sote tuna chumba cha mtoto. Hapa ndipo mama yangu alipomaliza kumenya ndizi akasema maneno yake ya kwanza jioni ile: "Chandarua si kipo?"

Pangani alikokulia, nyumba ya bibi ilikuwa na paka sita au saba, na watoto wakizaliwa humo kila mwaka. Chandarua kikifungwa juu na kuchomekwa chini ya godoro pande zote nne, paka haingii. Kile kidogo cha mwavuli tunachofunika watoto mchana hakitoshi, anakilalia juu kinabonyea, ndiyo mbaya zaidi. Kinachofaa ni kikubwa cha kitanda, kimebana, hakina tundu. Mtoto analala chali, hana mto wala furushi la nguo pembeni. Tena kinga ya mbu umeipata hapo hapo. Usiku wa kwanza Sapu alizunguka kitanda kama askari wa zamu, akajaribu kona zote nne, akarudi kwenye kiti. Usiku wa tatu hakujaribu tena. Gunia likabaki jikoni, limewekewa mkaa.

Kuhusu manyoya na kifua, hapo wifi alikuwa nusu sahihi. Kinachosumbua watu wenye mzio si unywele wenyewe, ni protini inayotoka kwenye mate na ngozi ya paka, ambayo inabaki kwenye manyoya kwa sababu paka anajilamba kutwa. Kama kwenu kuna pumu, au mtoto anakohoa, anapiga chafya na macho kuwa mekundu kila paka akiwa karibu, muone daktari na usibishane na ushahidi. Kwetu haikutokea. Nilichofanya ni kufua mashuka kila wiki, kupiga deki badala ya kufagia vumbi hewani, na kumzuia Sapu kulala juu ya nguo za mtoto. Hilo la mwisho lilikuwa vita, maana kapu la nguo za mtoto lilikuwa ndilo kiti chake cha enzi.

Sasa tumgeukie paka, maana watu wote walizungumza juu yake na hakuna aliyejiuliza yeye anaona nini. Paka anaishi kwa harufu. Chumba chake amekiwekea alama kwa kusugua mashavu kwenye miguu ya meza, kwenye mlango, kwenye magoti yako. Zile tezi za shavuni zinaacha harufu inayomwambia hapa ni kwetu, tulia. Halafu siku moja unaingia na kitu kinacholia, kinanuka dawa za hospitali, na wewe mwenyewe unanuka vingine. Kwake huyo ni mgeni ameteka nyumba.

Jirani yangu wa mifugo alinipa dawa yake kabla sijajifungua, ila mimi niliona mzaha. Alisema: mtoto akizaliwa, leta kanga aliyofunikwa, itangulie nyumbani. Basi wifi, bila kujua anachofanya, alirudi na kanga chafu kuzifua, nayo moja ikaangukia chini ya meza. Jirani akaizuia isifuliwe. Sapu akainusa siku nzima, akanuna, akainusa tena, mwishowe akalala pembeni yake. Nilipofika na mtoto, harufu hakuiona ngeni. Alinisogelea, akanusa mguu wa mtoto uliotokeza, akageuka kuomba chakula.

Sauti ndiyo iliyomshinda. Wiki ya kwanza kila mtoto akilia Sapu anasimama, masikio nyuma, anatembea huku na huku, anakuja kunitazama kama ananiambia fanya kitu. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, akiwemo Karen McComb, walichapisha utafiti kuhusu ule mkoromo wa paka anapodai chakula. Ndani ya mkoromo huo kuna sauti nyembamba iliyojificha, yenye masafa yanayokaribiana na kilio cha mtoto mchanga, na wanadamu wanaona ni vigumu kuipuuza. Yaani miaka yote Sapu alikuwa ananililia kwa lugha ya kichanga na mimi naamka kumpa dagaa. Haishangazi alipokuja mwenye lugha halisi, ikabidi ahame foleni.

Kwa hiyo mpe kitu chake ambacho hakibadiliki. Mimi nilimlisha saa zile zile, kabla sijaanza kunyonyesha, na dakika tano za kumchezesha kwa uzi jioni. Na mpe mahali pa juu. Paka mwenye pa kupanda haoni haja ya kupigania chini. Juu ya kabati niliweka boksi la karatasi za fotokopi na sweta langu la zamani, akahamia huko, akawa anatutazama kama msimamizi wa mtihani.

Msidhani mambo yalinyooka. Wiki ya sita nilifanya kosa, na ni kosa langu, sitalipaka rangi. Ilikuwa saa tisa mchana, nimemlaza mtoto kwenye mkeka katikati ya chumba, macho wazi anachezesha miguu, mimi niko mlangoni nazungumza na simu. Sapu yuko juu ya kabati. Upepo ukapiga mlango kwa kishindo, paka akaruka chini kukimbilia uani, na njia yake ikapita juu ya mtoto. Kucha moja ikaacha mstari kwenye mkono, kama wa kalamu nyekundu, urefu wa kidole changu kidogo. Mtoto akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia.

Nilitetemeka, ila jirani alikuwepo, akanishika bega. Maji ya bomba na sabuni, tukaosha dakika 15 kwa saa ya ukutani. Hatukupaka mafuta wala dawa ya mswaki. Halafu kituo cha afya, jioni ile ile. Pale nikaulizwa swali la kwanza kabla ya jina la mtoto: paka amechanjwa kichaa cha mbwa?

Hapa naomba usome taratibu. Kichaa cha mbwa jina lake linadanganya. Kwetu mbwa ndiye anayewaambukiza watu wengi, lakini paka naye anaugua na anaambukiza, kwa mate yanayoingia kwenye jeraha la kung'atwa au kukwaruzwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno, karibu wote hufa. Chanjo ipo tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister tarehe 6 Julai 1885, na hadi leo kinachookoa ni kuosha jeraha na kuwahi chanjo kabla ya dalili. Mimi nilikuwa na kadi ya Sapu kwenye bahasha ya vyeti vyangu. Alichanjwa akiwa na miezi minne, akarudiwa mwaka uliofuata. Hela niliyotoa ilikuwa ndogo kuliko ya kusuka nywele. Muuguzi aliitazama kadi, akauliza paka yuko wapi, nikasema nyumbani, mzima. Akaniambia nimfungie na kumwangalia siku 10. Paka au mbwa aliyekuwa na virusi kwenye mate siku alipojeruhi huwa ameugua au kufa ndani ya siku hizo; akibaki mzima, hakuwa navyo. Mtoto alikuwa ameshapata chanjo za wiki ya sita siku nne kabla, ambazo ndani yake kuna ya pepopunda. Tukarudi.

Nilizihesabu siku 10 zile kama mtu anayesubiri matokeo. Sapu alikula, alilala, alijilamba. Kama ningekuwa nimemtupa sokoni siku ile ya kwanza yasingetokea, nalijua hilo. Na kama yangetokea kwa paka wa mtaani asiye na kadi, mtoto angechomwa sindano mfululizo.

Mama mwenye nyumba alirudi na gunia, safari hii halina mkaa. Mama yangu akampokea kwa adabu, akamwekea kiti, akasema: "Dada yangu, paka hakumfuata mtoto. Alikuwa anapita njia yake. Huyu binti yangu ndiye aliyemlaza mtoto njiani." Nilichukia kwa siku mbili, halafu nikahamisha mkeka ukutani, upande wa pili wa kitanda, mbali na mstari wa kabati na mlango. Kucha za Sapu sasa nakata ncha kila baada ya wiki mbili, ile sehemu nyeupe tu; ndani kuna mshipa wa damu, ukiukata utajuta wewe na yeye.

Mengine nayasema haraka. Minyoo: dawa kila miezi mitatu. Viroboto: usimpake paka dawa ya unga au ya maji iliyoandikwa ya mbwa, nyingi zina permethrini, na kwa paka hiyo ni sumu. Na panadoli. Kwenye chumba chenye mtoto hiyo dawa haikosekani, na mtu akiona paka ana homa huruma inamjia. Ini la paka haliwezi kuivunja, kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Binti yangu sasa ana miezi minane, anatambaa. Hesabu zote zimeanza upya, maana sasa yeye ndiye anayemfuata paka. Boksi la mchanga limehamia uani nyuma ya tanki, lina kifuniko, kwa sababu mayai ya minyoo ya paka hukaa kwenye mchanga wiki kadhaa yakikomaa, na mtoto wa umri huu kila kitu ni kinywani. Jana alimshika Sapu mkia kwa mikono miwili. Sapu akageuka, akamtazama, akautoa mkia wake taratibu, akapanda kabatini. Mimi nilikuwa nimeshasimama.

Kijana wa mama mwenye nyumba naye ameniambia kuzoa mchanga sasa basi, hisabati ameshafaulu.